Maji yamezidi mafuta kisimani: jeli, polima, maji yenye chumvi kidogo au kisima kipya?

Mwamba wa mafuta uliozeeka hauishiwi mafuta. Unazidiwa na maji. Kisima kinachotoa maji asilimia 90 hutoa mapipa 9 ya maji kwa kila pipa la mafuta. Maji yakifika asilimia 95 ni mapipa 19 kwa moja, yakifika 98 ni mapipa 49. Yote hayo lazima yavutwe juu, yatenganishwe, yasafishwe na kurudishwa chini. Siku gharama hiyo inapofikia bei ya pipa lenyewe kisima hufungwa, na mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta bado yamo mwambani.

Njia za kuboresha usukumaji wa mafuta kwa maji (maji huingizwa kwenye visima vingine ili yasukume mafuta) ni kadhaa, na kila moja ina mahali ilipofanya kazi vizuri: polima kule Daqing (China) na Marmul (Omani), maji yenye chumvi kidogo kule Endicott (Alaska), chembe za kuvimba kule Milne Point (Alaska). Mifano hii yote ni ya kweli. Hatari ni kuuchukua mfano bila kuuchukua mwamba wake. Kwa maoni yetu, bei ya kemikali si jambo la kuanzia. Anza na maswali mawili: maji yanapita wapi, na je, matabaka yanapitishiana maji yakiwa ndani ya mwamba?

Kwanza, fahamu tabaka mlafi

Chukua mwamba wa mchangawe wenye unene wa mita 20. Mita 2 zina upenyezaji (urahisi wa mwamba kupitisha maji) wa milidarsi 2,000, na mita 18 zilizobaki zina milidarsi 100. Zidisha unene kwa upenyezaji: unapata 4,000 kwa tabaka jembamba na 1,800 kwa lile nene. Kwa hiyo tabaka jembamba, ambalo ni sehemu moja ya kumi tu ya mwamba, linameza asilimia 69 ya maji yote unayoingiza, na ndani yake maji yanakimbia mara 20 zaidi. Likishafagiwa mafuta yake hali huzidi kuwa mbaya, kwa kuwa maji hutiririka kwa wepesi kuliko mafuta na sasa hayana cha kuyazuia.

Ikiwa kati ya matabaka hayo mawili kuna utando wa udongo mgumu usiopitisha kitu, uliotandaa bila kukatika kutoka kisima hadi kisima, dawa ni rahisi: ziba tabaka mlafi kisimani. Ikiwa utando haupo au umetoboka, maji utakayoyazuia kisimani yatazunguka kizibo na kurudi kwenye tabaka lile lile mita chache mbele. Kazi itaonekana imefaulu kwa wiki chache, kisha asilimia ya maji itarudi pale pale. Pesa nyingi za jeli zimezama hapa.

Ukiwa na kisima kipya, pima shinikizo la kila tabaka kabla hakijawekwa bomba. Matabaka yaliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi na bado yana shinikizo tofauti sana hayapitishiani maji. Kama huna kisima kipya, teremsha kipima-mtiririko kwenye kisima cha kuingizia maji, funga vali ya juu, kisha uangalie. Maji yakiendelea kutembea kisimani kutoka tabaka moja kwenda jingine, ujue shinikizo zao ni tofauti, na hiyo ni dalili nzuri kwamba zimetengana.

Kipimo kingine ni kemikali ya kufuatilia. Iingize kwenye kisima cha maji na uchukue sampuli kila siku kwenye visima vya mafuta vinavyokizunguka. Hesabu ya nafasi za mwamba (matundu madogo yanayobeba maji na mafuta) ikisema maji yatachukua miezi, na kemikali ikafika baada ya siku mbili, hapo hakuna tabaka mlafi. Kuna ufa. Linganisha pia kiasi cha maji ambacho kisima kinakubali na kile kinachotabiriwa na hesabu ya Darcy (kanuni ya mtiririko ndani ya mwamba) kwa mtiririko unaosambaa pande zote. Kikikubali zaidi ya mara tano ya hesabu, maji yanapita kwenye ufa. Wengi hutegemea mchoro wa Chan wa mwaka 1995, unaoonyesha uwiano wa maji kwa mafuta pamoja na kasi ya mabadiliko yake. Ni msaada mzuri, ila usiutumie peke yake. Maumbo tofauti ya mwamba yanaweza kuchora mstari mmoja.

Na kabla ya kuulaumu mwamba, kagua kisima chenyewe. Bomba lililotobolewa na kutu, au saruji mbovu nyuma ya bomba, huleta maji yale yale. Tiba yake ni nafuu kuliko kila kitu kitakachofuata hapa.

Hatua isiyohitaji kemikali

Tofauti kati ya uwanja unaosimamiwa na uwanja uliotelekezwa huonekana kwenye mgawanyo wa maji. Ripoti inaweza kusema kwamba kwa jumla ujazo unaoingizwa unalingana na ujazo unaotolewa, uwiano 1.0, na watu wakaridhika. Lakini mwamba uliokatwakatwa na mipasuko (mahali matabaka yalipokatika na kuteleza) una vyumba. Chumba kimoja kinaweza kuwa kwenye 1.6, maji yakilazimishwa kupasua mwamba, na cha jirani kwenye 0.5, shinikizo likiporomoka na gesi ikianza kutoka kwenye mafuta. Wastani wa 1.0 umeficha magonjwa mawili. Hesabu kwa kila chumba, kisha punguza maji pale ambapo kemikali ya kufuatilia imeonyesha njia ya mkato na uyapeleke kwenye chumba chenye kiu. Visima vyenye matabaka yaliyotengana vinaweza kuwekewa vizibo vya mpira na vali ndogo, kila tabaka lipate kipimo chake.

Mwamba wenye nyufa nyingi unataka uangalifu wa pekee, kwa sababu si kila ufa ni adui. Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, ni chaki yenye upenyezaji wa milidarsi chache tu ikiwa na nyufa tele. Uzalishaji ulianza 1971, na matarajio ya mwanzo yalikuwa kutoa takriban asilimia 17 ya mafuta. Maji yalianza kuingizwa kwa kiwango kikubwa mwaka 1987, na leo matarajio yanazungumzia karibu nusu. Siri yake ni kwamba chaki ile hupenda maji: inayafyonza kutoka kwenye nyufa na kuyatema mafuta. Mtu ambaye angekimbilia kuziba nyufa zile kwa jeli angefunga mishipa yenyewe. Maji hayo pia hudhoofisha chaki, na sakafu ya bahari iliendelea kushuka hata shinikizo lilipopanda. Tayari mwaka huo huo wa 1987 majukwaa yalikuwa yameinuliwa mita 6.

Kwenye mwamba wa aina hii, jaribu kwanza kuingiza maji kwa vipindi: wiki kadhaa za kusukuma, wiki kadhaa za kupumzika ili mwamba ufyonze. Spraberry, Texas, walijaribu hivyo miaka ya 1960. Gharama yake ni nidhamu ya kufungua na kufunga vali.

Jeli nzito au chembe za kuvimba?

Zote mbili hulenga kuzuia njia ya mkato, na watu huzichanganya. Zinafanya kazi mahali tofauti kabisa.

Jeli inayotumika zaidi ni polima ya poliakrilamidi iliyofungwa kwa asetati ya kromiamu. Huchanganywa juu ikiwa majimaji, husukumwa chini, kisha huganda. Mahali pake ni kwenye ufa. Anza na polima ya takriban 3,000 ppm (sehemu kwa milioni), panda taratibu hadi 5,000, na umalizie na 8,000 au 10,000 ili mdomo wa ufa uwe na jeli ngumu isiyosukumwa nje. Shinikizo libaki chini ya lile linalopasua mwamba. Likianza kupanda kwa kasi mapema, ujue jeli inaganda kabla ya wakati au haiingii kwenye ufa uliokusudia. Ukimaliza, sukuma maji safi kuondoa jeli ndani ya bomba, funga kisima kwa siku kadhaa kulingana na joto la mwamba, halafu fungua polepole.

Kosa kubwa ni kuisukuma jeli kwenye mwamba usio na ufa bila kuyakinga matabaka ya mafuta. Kimiminika kinapoenea pande zote, umbali kinaofika hufuata kipeuo cha pili cha upenyezaji. Rudi kwenye mfano wetu wa 2,000 kwa 100: tofauti ni mara 20, na kipeuo chake cha pili ni karibu 4.5. Jeli ikiingia mita 10 kwenye tabaka mlafi, itaingia zaidi ya mita 2 kwenye tabaka lenye mafuta, hata zaidi ikiwa nzito. Mita hizo mbili kandokando ya kisima ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya shinikizo lote. Umeliziba tabaka ulilotaka kuliokoa. Kwa hiyo hapa jeli huwekwa kwa vizibo vinavyotenga tabaka, na utando usiopitisha maji lazima uwepo. Visipokuwepo, acha.

Chembe za kuvimba, zinazojulikana zaidi kwa jina la Bright Water, ni polima iliyokunjwa kuwa punje ndogo kuliko mikroni moja. Hupita kwenye vinyweleo vya mwamba pamoja na maji baridi ya kuingiza. Zinapofika katikati ya njia, joto la mwamba hukata baadhi ya viungo vinavyozibana, nazo huvimba na kuziba. Kizibo kinakaa mbali na kisima, kwa hiyo maji hulazimika kupita kwenye mwamba ambao hayajaufagia. Ndiyo maana chembe zina nafasi hata pale matabaka yanapopitishiana, ingawa maji yatarudi kwenye tabaka mlafi baada ya kukizunguka kizibo. Jaribio la kwanza lilifanywa Minas, Indonesia, mwaka 2001, na lile la Milne Point, Alaska, mwaka 2004 lilileta zaidi ya mapipa 60,000 ya ziada katika miaka minne ya mwanzo.

Kazi yote iko kwenye kuchagua daraja la chembe. Unahitaji ramani ya joto kati ya visima viwili, kwa kuwa miaka ya kuingiza maji baridi imepoza mwamba karibu na kisima. Ukichagua chembe inayovimba upesi, utakikaba kisima chako cha maji. Ukichagua inayochelewa, zitatokea kwenye kisima cha mafuta zikiwa bado ndogo. Na mahali penye ufa zitapita tu kama vumbi kwenye bomba.

Polima au maji yenye chumvi kidogo?

Hapa hatuzibi njia tena. Tunabadilisha maji yenyewe. Polima huyafanya yawe mazito ili yasiyapite mafuta, na kupunguza chumvi hubadilisha jinsi mafuta yanavyong'ang'ania kwenye punje za mwamba.

Faida ya polima huonekana kwa hesabu. Marmul, kusini mwa Omani, ina mafuta yenye mnato (uzito wa kutiririka) wa karibu sentipoizi 90. Tuseme maji yana 0.6, na upenyezaji wa kiasi (sehemu ya upenyezaji ambayo kila kimiminika hupata vikipita pamoja) ni 0.3 kwa maji na 0.8 kwa mafuta. Uwiano wa wepesi wa maji dhidi ya mafuta unakuwa kama 56, yaani maji yanatoboa tu na kupita. Yafanye maji yawe na sentipoizi 15, na uwiano unashuka hadi takriban 2. Petroleum Development Oman ilifanya jaribio hapo miaka ya 1980 na kuanza kwa kiwango kikubwa mwaka 2010. Daqing, China, imetumia polima kwa kiwango cha viwanda tangu 1996, na maeneo yake yameongeza takriban asilimia 10 hadi 12 ya mafuta yaliyokuwemo mwanzoni. Lakini Daqing ina joto la kama nyuzi 45 na maji yasiyo na chumvi nyingi. Polima haiwezi kuomba mahali pazuri zaidi.

Pale matabaka yanapopitishiana maji, polima ndiyo chaguo letu la kwanza, kwa sababu haizungukwi kama kizibo. Ila iwe nzito ya kutosha: mnato unaohitajika hukaribia uwiano wa wepesi ukizidishwa kwa tofauti ya upenyezaji kati ya matabaka. Wengi hupunguza dozi kuokoa pesa na kuishia na maji mazito kidogo yanayopita njia ile ile.

Kiasi chake ni rahisi kukadiria. Kwa miligramu 1,500 kwa lita, pipa moja la lita 159 linakula gramu 240 hivi za unga. Ukiingiza mapipa 10,000 kwa siku, ni tani 2.4 kila siku kwa miaka. Unga humwagwa polepole kwenye maji yanayozunguka, la sivyo hufanya madonge yenye unga mkavu ndani, na madonge hayo huziba mwamba. Tengeneza mchanganyiko mzito wa miligramu 5,000 hadi 10,000 kwa lita, uache kwenye tangi la kukoroga taratibu kwa saa moja au mbili, kisha upunguze kwa maji baada ya pampu kuu. Usiupitishe kwenye vali ya kubana. Nyuzi za polima hukatika hapo kwa sekunde moja, ukaingiza maji ya bei ghali. Adui mwingine ni chuma kilichoyeyuka kikikutana na oksijeni, kwa hiyo funika matangi kwa naitrojeni na uchukue sampuli ya mnato kichwani mwa kisima, si kwenye tangi tu. Joto likivuka nyuzi 70 hivi na maji yakiwa na kalsiamu nyingi, poliakrilamidi ya kawaida hubadilika na kuganda. Ziko aina zinazostahimili zaidi, kwa bei kubwa zaidi. Na jiandae mapema: polima itakapofika kwenye visima vya mafuta itafanya maji na mafuta yagandamane na kutengana kwa shida, na itaungua juu ya mirija ya vipasha joto.

Maji yenye chumvi kidogo hayana shida hizo, lakini yana kigeugeu. Endicott, Alaska, jaribio lililoanza 2008 kati ya visima viwili vilivyoachana futi 1,040 lilishusha mafuta yaliyobaki kutoka asilimia 41 hadi 28 ya nafasi za mwamba, na dalili zilionekana baada ya miezi mitatu. Clair Ridge, magharibi mwa Shetland, ulijengwa ukiwa na mtambo wa kuondoa chumvi tangu mwanzo na ukaanza kuzalisha Novemba 2018. Lakini majaribio ya Snorre, Norwei, hayakuonyesha faida ya maana. Mwamba wa Snorre tayari ulikuwa kwenye hali nzuri ya kuyaachia mafuta, chumvi haikuwa na cha kubadilisha.

Kwa hiyo usinunue mtambo kwa mfano wa jirani. Njia hii inataka udongo wa mfinyanzi aina ya kaolini mwambani, mafuta yenye viambato vinavyoshikamana na udongo huo, na maji ya asili yenye kalsiamu. Chumvi ishuke chini ya takriban 5,000 ppm. Isishuke mno, kwa kuwa udongo unaovimba utaachia vumbi na kuziba vinyweleo. Pima kwenye vipande vya mwamba halisi kwanza, halafu fanya jaribio la kisima kimoja kwa kemikali ya kufuatilia kabla na baada. Kumbuka pia kwamba njia hii haimtibu tabaka mlafi: mwamba usiofikiwa na maji hautafikiwa kwa sababu chumvi imepungua.

Nchi kavu kuna swali la haki. Tilenga, Uganda, imepangwa kuingiza maji ya Ziwa Albert, na mpango wa Lokichar, Kenya, ulitaka maji ya bwawa la Turkwel. Maji hayo hayana chumvi nyingi, na mhandisi anaweza kuona bahati. Lakini Turkana maji baridi ni uhai wa watu na mifugo. Maji yanayotoka na mafuta yarudishwe kwanza, na ya bwawa yajazie pengo tu.

Na kisima kipya?

Kemikali haiwezi kuvuka mpasuko uliofungwa. Mafuta yaliyobanwa kwenye kona ya chumba, juu kabisa chini ya paa la mwamba, yanahitaji tundu. Njia nafuu ni kutoboa ubavu wa kisima cha zamani na kuchepuka. Kosa la kawaida ni kuchimba kwa ramani ya zamani, ambayo haijarekebishwa kwa maji yaliyoingizwa kwa miaka 20, ukaanza siku ya kwanza na maji asilimia 90. Hatari nyingine iko kwenye uchimbaji wenyewe: tabaka moja limechoka na jingine limejazwa maji kupita kiasi, uzito wa matope ya kuchimbia unaozuia moja unalipasua jingine. Punguza uingizaji wa maji jirani wiki kadhaa kabla ya kuchimba.

| Njia | Inafaa wapi | Isipofaa ni kwa sababu | Matokeo huonekana |
|---|---|---|---|
| Kugawa maji upya | Kila mahali | Hesabu ya jumla, si ya chumba | Wiki hadi miezi |
| Jeli nzito | Ufa, au tabaka lililotengwa | Matabaka yanapitishiana | Wiki chache |
| Chembe za kuvimba | Tabaka mlafi bila ufa, mwamba wa moto | Joto kati ya visima halijulikani | Miezi |
| Polima | Mafuta mazito, matabaka yanayopitishiana | Joto, kalsiamu, vali, mwamba mgumu kupenya | Mwaka mmoja au zaidi |
| Chumvi kidogo | Mchangawe wenye kaolini | Mwamba usio na cha kubadilisha | Hutegemea umbali wa visima |
| Kisima kipya | Chumba kisichofikiwa | Ramani ya zamani | Mara moja |

Ukiwa na ufa uliothibitishwa kuwa njia ya mkato, jeli itangulie kila kitu, hata polima, maana polima ikikuta ufa itatokea upande wa pili kabla hujalipa shehena ya kwanza. Mafuta yakiwa na mnato unaozidi sentipoizi 10 hivi na upenyezaji ukizidi milidarsi 100, polima. Mafuta mepesi yenye tabaka mlafi na joto la kutosha, chembe. Mchangawe wenye kaolini ulio baharini, ambako mtambo wa kutoa salfeti kwenye maji unahitajika hata hivyo ili kuzuia magamba ya bariamu, hapo ongezeko la gharama ya kupunguza chumvi ni dogo na inafaa kupima.

Jaribio liwe dogo lakini kamili: kisima kimoja cha maji na visima vyote vinavyokizunguka. Pima mwenendo wa kila kisima kwa miezi sita bila kubadilisha chochote, ili mstari wa kushuka kwa mafuta ujulikane. Ukianza kuingiza dawa, usiguse pampu wala vali za jirani, la sivyo pipa la ziada litakalotokea halitakuwa na mwenyewe. Andika kabla ya kuanza ni shinikizo gani litakufanya usimame, na ni asilimia gani ya maji, kwenye kisima kipi, baada ya miezi mingapi.